Laptopu ya Injinia na Misumari ya Baba

Fyuzi alipotoka shuleni hakwenda kucheza. Alivua sare, akavaa gauni lake la kazi, akaingia karakana na koleo lake dogo mkononi. Baba yake alikuwa fundi wa makochi, na kazi ya Fyuzi kila alasiri ilikuwa kung'oa pini kuukuu kwenye makochi yaliyoletwa kutengenezwa, mpaka kitambaa kilichochakaa kibanduke na mbao zibaki wazi. Kisha alifagia vipande vya sponji vilivyotapakaa sakafuni. Sponji ikinata kwenye viatu huingia mpaka jikoni, na mama yake hakuwa na mchezo na jikoni kwake.

Karakana ilikuwa chumba cha mbele, na nyuma yake ndiko walikoishi. Huwezi kuamini, lakini familia ya fundi makochi haikuwa na kochi lake yenyewe. Walikalia makochi ya watu yaliyokuwa yakingoja kuchukuliwa, yakiwa yamefunikwa plastiki yasishike vumbi. Wiki hii wanakalia kochi la daktari wa meno, wiki ijayo viti vya kinyozi. Ukiinuka, plastiki inakung'ang'ania mapajani na kutoa mlio wa aibu, na wageni wanatazamana. Kuhusu plastiki, Mama alikuwa mkali kuliko Baba. Kwake yeye, kitu kipya hakibanduliwi plastiki mpaka nyumba ikizoee, na sheria hiyo ilihusu kila kitu, hata rimoti ya televisheni.

Jambo jingine la nyumba ile lilikuwa misumari. Baba alipopigilia kitambaa kwenye mbao, alijaza misumari midogo mdomoni, akawa anaitoa kwa ncha ya ulimi, mmoja baada ya mwingine, huku mkono wa kulia umeshika nyundo. Wakati huo hawezi kusema neno. Basi habari mbaya zote za nyumba ile zilipelekwa karakana Baba akiwa na misumari mdomoni. Alama za hisabati, sahani iliyovunjika, kioo cha jirani, vyote vilisubiri nyundo ianze kulia. Hata Mama, aliyefanya kazi ya kupiga pasi kwa dobi, siku alipounguza shati la mteja alisubiri misumari. Baba aliweza tu kuguna na kukodoa macho, na mpaka aiteme yote, hasira ilikuwa imeshapungua nusu.

Fyuzi hakuitwa hivyo alipozaliwa. Alipewa jina hilo siku alipoifungua kompyuta kuukuu ya mezani, ambayo Baba aliachiwa na ofisi moja iliyohama, akagusa asipopaswa kugusa na kuzima taa za nyumba nzima. Watu walimcheka, lakini tangu siku hiyo hakuna aliyeijua mashine ile kama yeye. Jioni yeye na kaka yake walikaa mbele yake wakishindana gemu la mbio za magari. Kaka yake alishindwa kila mara. Alishindwa kwenye kona, alishindwa kwenye daraja, na siku moja alishindwa hata kabla filimbi haijapulizwa, kwa kuwa alirudi kinyumenyume akatumbukia mtoni.

Sasa kaka huyo alikuwa amekubaliwa chuo katika mji mwingine, kusomea uchoraji wa majengo. Tangu habari ilipotoka, mtaa mzima ulimwita Injinia, ingawa alikuwa hajachora hata banda la kuku.

Kwanza liliingia godoro jipya la Injinia. Likafuata begi la magurudumu, kisha shuka, kisha viatu. Fyuzi alipoomba kalamu za rangi aliambiwa, "Subiri kwanza kaka yako aondoke." Alipoonyesha kiatu chake kilichotoboka, aliambiwa maneno yaleyale. Kipande kikubwa cha nyama kilipobaki bakulini na mkono wa Fyuzi ukawa njiani, Mama alisema, "Mwachie kaka yako, mwenzio anaondoka." Fyuzi akaanza kujiuliza kama na yeye, ili apendwe, itabidi aondoke.

Halafu ikaja habari ya laptopu.

"Ni kweli kaka yako ananunuliwa laptopu?" aliuliza Redio, jirani yake wa dawati, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuwa na kitufe cha kumzimia.

"Kweli."

"Ya gemu?"

"Ya chuo."

"Na gemu pia, usinidanganye. Nani ana laptopu halafu asicheze gemu? Atakuwa kule anakimbiza magari yake, kioo kinang'aa, na wewe umebaki na lile sanduku linalopiga chafya."

"Halipigi chafya. Feni ndiyo imezeeka."

"Basi linakohoa," alisema Redio, akarudi kwenye daftari lake.

Fyuzi hakucheka. Roho ilimuuma kwelikweli. Katika klabu ya kompyuta ya shule yeye ndiye aliyekuwa akiitwa mashine ikiganda. Injinia hakujua hata pa kuchomeka waya wa kipaza sauti. Na sasa mashine nzuri kuliko zote alizowahi kuziota ilikuwa inakwenda kwa mtu anayetumbukia mtoni kinyumenyume. Siku nzima hakumsikia mwalimu.

Injinia alikuwa akifanya kibarua cha kubeba matofali ili kuongezea kile wazazi walichoweka akiba. Ijumaa jioni alirudi na saruji mpaka kwenye nyusi, akajitupa kando ya Fyuzi.

"Kesho siwezi kwenda dukani," alisema. "Msimamizi amesema atakayekosa kesho asirudi tena. Utakwenda wewe na Mama. Mimi na Mama tukienda peke yetu, tutauziwa hata mashine ya kusagia."

"Sawa," alisema Fyuzi bila kugeuka.

"Bajeti ni ile aliyonayo Mama, na haiongezeki hata tukilia. Ila jambo moja usisahau, Fyuzi. Iwe na kadi yake ya picha, ile inayoiwezesha mashine kuchora picha nzito. Walituambia chuoni siku ya kujiandikisha kwamba bila hiyo programu ya kuchorea haiendi." Akamsukuma kwa bega, akakonyeza jicho. "Halafu kadi hiyohiyo ndiyo ya gemu za maana. Likizo nikirudi, utakuwa unanifunga kwenye kioo kizuri."

Mtu mwenye moyo mweupe angesikia kwamba kaka yake anaihitaji kadi ile kwa masomo, na kwamba amemfikiria na yeye. Fyuzi alisikia gemu tu. Kumbe! alijisemea. Chuo ni kisingizio. Mwaka mzima atakuwa anacheza, na mimi nisubiri likizo kama mtu anayesubiri makombo. Akaitikia kwa kichwa, na moyoni akawa amekwisha kukata shauri.

Duka la kompyuta lilikuwa jembamba kama ujia, na nyaya zilining'inia ukutani kila mahali. Mwenye duka alikuwa mwanamke mnene mchangamfu, miwani ameisukuma juu kwenye paji la uso na bisibisi ameichomeka kwenye nywele. Aliposikia bajeti yao hakukunja uso. Aliweka laptopu mbili juu ya meza.

"Hii nyembamba ni mpya, nyepesi, na betri yake inakaa na chaji. Hii nene imetumika, lakini nimeisafisha mwenyewe. Ina mkwaruzo hapa pembeni, na kuibeba ni kazi. Ila ina kadi yake ya picha, nyembamba haina. Bei ni moja. Inategemea mnaitaka ya kazi gani."

Mama alimgeukia Fyuzi. "Haya, sema wewe, mtaalamu wetu."

Fyuzi aliitazama ile nene. Aliijua thamani yake papo hapo. Alimwona Injinia ameiinamia usiku na mchana, gari lake jekundu likipita kwenye kona bila kukwama.

"Ya kuandika na kusoma," alisema.

"Hakuna gemu? Hakuna kazi nzito?"

"Hakuna."

"Na gemu ndiyo kabisa hakuna!" Mama alidakia. "Mtoto anakwenda kusoma huyo."

"Basi kadi ya nini? Chukueni nyembamba," alisema mwenye duka. "Mkiona haifai, nirudishieni kabla wiki haijaisha, nitawabadilishia. Lakini iwe kama ilivyotoka hapa. Nikiona mkwaruzo, au plastiki ya mfuniko imebanduliwa, sipokei."

Njia nzima Mama alilikumbatia boksi kama mtoto mchanga. Fyuzi alitembea nyuma yake akijiambia kwamba amemsaidia kaka yake, kwamba sasa atasoma bila kupotezwa na michezo. Alijiambia hivyo mara nyingi, na kila mara alilazimika kuanza upya.

Injinia aliporudi alinawa mpaka viwiko kabla ya kuigusa. Alipapasa mfuniko, akatafuta ncha ya plastiki kwa ukucha.

"Weka mkono huo chini!" Mama aling'aka.

"Mama! Mpaka laptopu?"

"Mpaka laptopu. Nyumba haijaizoea."

Wote walicheka, isipokuwa Fyuzi. Injinia alichomeka flashi aliyopewa chuoni, akaiweka programu ya kuchorea huku akimwuliza Fyuzi kila hatua. Akaanza kuchora karakana ya Baba. Alichora mlango, meza ya kukatia vitambaa, na pembe ya kuwekea sponji. Mistari ilikwenda vizuri, na Baba alikuja akasimama nyuma yake akitazama, mikono kiunoni.

"Sasa nazinyanyua kuta zisimame kama za kweli," alisema Injinia, akabonyeza.

Picha iliganda. Feni ikanguruma, kioo kikawa cheupe, programu ikajifunga. Injinia alijaribu tena, ikawa vilevile. Jioni ya pili alijaribu, na ya tatu. Mistari ya chini ilikubali, lakini kila alipotaka kunyanyua ukuta, mashine iliganda.

Hatimaye alimtazama dada yake. "Fyuzi, kadi ya picha si ipo?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Fyuzi aliinamia kiatu chake kilichotoboka.

"Ipo," alisema.

"Basi ni mimi," alisema Injinia polepole. "Kuna kitu mimi sikijui."

Sitaficha, Fyuzi aliona raha. Ilikuwa raha ndogo, chungu, ya kumwona Injinia wa mtaa mzima akikuna kichwa mbele ya ukuta usionyanyuka. Lakini haikudumu hata mpaka chakula cha jioni. Injinia hakukasirika, hakupiga meza, hakuilaumu mashine, na hilo ndilo lililomkosesha Fyuzi raha. Alikaa tu, akaanza tena kutoka mwanzo, kama mwanafunzi aliyerudishwa darasa. Muuza maziwa alipopita na kumwita, "Injinia, habari za leo?" alijibu, "Usiniite hivyo, tafadhali."

Alhamisi, walipokuwa wakila, aliweka kijiko chini.

"Baba, Mama, nataka kubadilisha kozi. Jumatatu nitapiga simu chuoni wanihamishie kwenye utunzaji wa ghala."

Baba aliacha kutafuna. "Ghala? Wewe? Tangu ukiwa mdogo hivi unachora majumba kwenye karatasi zangu za kukatia vitambaa, mpaka siku moja nikakata kiti cha mteja kwa umbo la ghorofa."

"Nilikuwa nachezea, Baba. Wenzangu wataweza, mimi siwezi. Laptopu ni nzima, ina kila kitu, Fyuzi ameikagua. Tatizo ni kichwa changu." Alijaribu kutabasamu. "Ghala nalo ni kazi."

Aliinuka, na plastiki ya kochi ikatoa ule mlio wake wa aibu. Hakuna aliyecheka. Fyuzi aliusukuma wali wake pembeni ya sahani. Alikuwa ametaka kaka yake akose gemu. Hakutaka akose majumba. Na kila alipohesabu siku, zilirudi palepale: kesho kutwa wiki inaisha, na mwenye duka hatapokea tena.

Ijumaa alitoka shuleni akikimbia. Nyundo ilikuwa ikilia. Alichungulia, akamwona Baba amepiga magoti mbele ya kiti cha mikono, mashavu yamejaa misumari. Fyuzi alivuta pumzi, akaingia, akamwaga yote bila kituo.

"Baba, laptopu haina kadi ya picha, na kaka aliniambia isikose, na dukani ile nene ilikuwa nayo kwa bei ileile, na mimi nikasema haihitajiki, halafu kaka akaniuliza ipo, nikasema ipo, kwa hiyo kichwa chake hakina tatizo, tatizo ni mimi."

Nyundo ilinyamaza. Baba hakuguna, hakukodoa macho. Aliweka kiganja chini ya kidevu, akatema misumari yote, akaiweka kwenye kopo, akajifuta midomo.

"Rudia," alisema. "Safari hii mdomo wangu uko wazi."

Kurudia kulikuwa kugumu mara kumi. Baba alimtazama usoni muda wote, na Fyuzi alijua kwamba kila neno linaweza kujibiwa. Alipomaliza machozi yalikuwa yamefika kidevuni.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Wivu, Baba."

"Wivu wa nini?"

"Wa godoro. Wa viatu. Wa nyama. Kila nikiomba kitu naambiwa nisubiri kaka aondoke. Mimi naondoka lini?"

Mdomo wa Baba ulitaka kucheka, akauzuia. Alivuta kiti kilichokuwa kimekwisha kufunikwa, akakipigapiga kwa kiganja.

"Hapo tumekosea mimi na mama yako, na tutarekebisha. Lakini hebu sikiliza. Kiti hiki, ningetaka kumkomoa mwenyewe, ningejaza matambara makavu ndani badala ya sponji, nikafunika kitambaa cha kung'aa. Angelipa, angeshukuru, angeondoka. Halafu angekaa, mgongo ungemuuma, na angefikiri mgongo wake ndio mbovu. Kaka yako amekaa juu ya kiti chako wiki nzima, Fyuzi. Anajilaumu mgongo."

Fyuzi alilia kwa sauti. Baba alimwacha alie.

"Utamwambia wewe mwenyewe," alisema baadaye. "Na yeye hatakuwa na misumari mdomoni."

Ile ilikuwa siku ya mwisho ya kibarua cha Injinia. Fyuzi alimkuta bombani nyuma ya nyumba, uso umejaa povu la sabuni. Alimwambia yote, polepole. Injinia alisimama na povu lake, macho ameyafumba, na hakulisuuza mpaka Fyuzi alipomaliza.

"Nilikuuliza," alisema. "Nilikutazama nikakuuliza."

"Ndiyo."

"Ukasema ipo."

"Ndiyo, kaka. Nisamehe."

Alijimwagia maji, akajifuta kwa shati. "Kunyimwa kadi ningekusamehe sasa hivi," alisema. "Lakini wiki nzima nimelala nikijua mimi ni mjinga. Hilo niache kidogo."

Akaingia ndani. Jioni ile hakusema naye, na Mama alisema kwa wote wawili. "Na mimi pale dukani nikakuita mtaalamu wetu!" alirudia, akisugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata. "Mtaalamu wetu!"

Jumamosi asubuhi walikwenda dukani watatu. Fyuzi ndiye aliyebeba boksi, na ndiye aliyetakiwa kusema. Mwenye duka alimsikiliza, akaishusha miwani kutoka kwenye paji la uso mpaka puani, akamtazama Fyuzi, kisha akaitazama laptopu. Aliigeuza juu na chini, akapitisha kidole pembeni, akaufikia mfuniko.

"Plastiki ipo!" mwenye duka alishangaa. "Tangu nianze biashara hii sijaona mtu akatumia laptopu wiki nzima na plastiki yake. Hata mimi yangu niliibandua siku ileile."

"Kwetu ni sheria," alisema Mama, kidevu juu.

"Na ile nene?" Fyuzi aliuliza kwa sauti ndogo. "Bado ipo?"

"Nani aichukue? Wote wanainyanyua mara moja, wanairudisha mezani. Wanasema ni nzito kama tofali."

Injinia aliinyanyua kwa mkono mmoja, akaipima juu chini.

"Mimi nimekuwa nikibeba matofali tangu nimalize shule," alisema. "Tofali hili ni dogo."

Alitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya siku kadhaa. Alimtabasamia mwenye duka na mama yake. Fyuzi hakupewa lolote, akajua hana haki ya kulalamika.

Nyumbani, Injinia aliiweka programu upya, akaifungua karakana aliyoichora. Mama alisimama na kitambaa cha vyombo mkononi. Fyuzi alibaki mlangoni, hakuthubutu kusogea. Injinia alibonyeza, feni ikanguruma kidogo, na kuta zikanyanyuka. Zilisimama zote, na mlango, na dirisha, na meza ya kukatia vitambaa. Alisogeza kidole, na karakana yote ikazunguka taratibu, unaiona mpaka nyuma.

"Baba! Njoo!" Mama alipiga kelele.

Baba alikuja na nyundo mkononi na misumari mdomoni. Alitazama. Aliguna, akaguna tena kwa sauti ya juu zaidi, na macho yakamtoka pima. Mguno kama ule ulikuwa haujasikika katika nyumba ile.

"Anasema nini?" aliuliza Mama akicheka.

"Anasema dirisha nimelikosea upande," alijibu Injinia, na Baba akaitikia kwa kichwa kwa nguvu. Injinia aligeuka, akamwona dada yake mlangoni. Alimtazama kidogo. "Wewe Fyuzi, unasimama huko kama mgeni? Njoo unionyeshe pa kubonyeza ili nilihamishe."

Fyuzi alikwenda.

Baba hakusahau adhabu. Alimwambia Fyuzi kwamba laptopu nzito inahitaji mkoba wa kuibebea, na kwamba ataushona yeye, kwa mkono wake, kutoka kwenye mabaki ya karakana. Fyuzi alijichoma vidole, Baba akafumua mshono na kumwambia aanze upya, akajichoma tena. Sponji alichagua mwenyewe, akaacha ile laini ya bei rahisi, akakata ile ngumu isiyobonyea. Injinia alipopewa aliuminya huku na huku.

"Ndani kuna nini?" aliuliza.

"Sponji nzuri. Ukitaka, ukalie."

Injinia aliuweka sakafuni, akaukalia kweli, akanyoosha miguu. "Mgongo hauniumi," alisema. Fyuzi alijua Baba amemsimulia, akacheka huku uso ukimwaka moto. Jioni ya mwisho walishindana mbio za magari kwenye kioo kipya. Magari yaling'aa, maji ya mto yalimetameta, na Injinia akatumbukia humo kinyumenyume kama kawaida yake.

Siku iliyofuata aliondoka. Nyumba ikawa na nafasi kubwa kuliko ilivyohitaji. Fyuzi aliingia karakana na koleo lake, miguuni amevaa viatu vipya alivyonunuliwa asubuhi ile. Baba alikuwa akipima kitambaa, hajaanza kupigilia.

"Baba," alisema Fyuzi. "Bado naona wivu."

"Hata na viatu?"

"Hata na viatu. Nikiifikiria ile laptopu, roho inaniuma. Si sana. Lakini inauma."

Baba aliacha kupima. Alikaa juu ya mkono wa kochi, kitambaa begani.

"Mimi nilimwonea wivu kaka yangu kwa sababu ya baiskeli," alisema, "na mpaka leo nikiona baiskeli ya bluu nanuna. Wivu utakuja, mwanangu, huwezi kuukataza kuingia. Lakini ukija, useme, kama ulivyousema sasa. Ukiusema, tutakaa nao hapa, tutautania, na hautamdhuru mtu. Ukiuficha, utatafuta kazi ya kufanya, na umeona kazi yake. Na ukimwambia mtu jambo zito, mwambie wakati anaweza kukujibu. Hii michezo ya misumari imetosha katika nyumba hii. Nitamwambia na mama yako."

"Ndiyo, Baba."

Baba aliinuka, akanyoosha kitambaa, akachota misumari kwenye kopo, akaitia mdomoni. Akaokota nyundo. Fyuzi aling'oa pini moja, akang'oa ya pili, kisha akaliweka koleo chini.

"Baba, toa kwanza misumari."

Baba alimtazama, nyundo hewani.

"Kuna jambo jingine," alisema Fyuzi. "Leo mchana, nilipokuwa natengeneza feni ya lile sanduku la kompyuta..."

Baba aliitema misumari kiganjani mmoja mmoja, akabonyeza swichi ya taa ya ukutani. Haikuwaka.